Mgeni Huyu Usimpe Jembe Siku ya Tatu

Shikamoo Mzee,

Naandika kutoka Njiro, Arusha. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka tisa na wa kike ana minne. Kwa miaka mitano nilifanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya kigeni. Mwezi wa tano walirudi kwao, wakaniachia mnyama wao: iguana wa kijani, yaani aina ya mjusi mkubwa, dume la miaka minane hivi. Waliponiuliza kama nitamchukua nilikubali bila kusita, maana ni mimi niliyekuwa namkatia majani kila asubuhi, na sikutaka kusikia ameuawa au ametupwa. Kuanzia puani mpaka ncha ya mkia anakaribia mita moja na nusu. Watoto wamempa jina la Babu kwa ajili ya ile ngozi inayoning'inia kidevuni.

Kule alikuwa na chumba chake, kina taa mbili na magogo ya kupanda. Mimi sina chumba cha ziada. Mume wangu alichukua banda letu la zamani la sungura, akaliweka barazani karibu na mlango wa jikoni, ili tumwone kila tukipita na yeye atuzoee upesi. Ile taa moja imeungua. Nyingine tunaiwasha mchana.

Wiki mbili za mwanzo alikuwa mpole kupita kiasi. Muda wote amelala. Watoto walimbeba, majirani walikuja kupiga naye picha, na mwanangu akimkuna kichwani alikuwa anafumba macho kama paka. Rangi yake iliingia weusi, nikadhani ni uzee. Kula alikuwa hali. Nilimwekea mchicha, nikamchanganyia na yai la kuchemsha apate nguvu, akaonja na kuacha.

Wiki ya tatu tukapata jua siku nne mfululizo, tukawa tunalitoa banda nje. Siku ya nne mwanangu aliingiza mkono amshike kama kawaida. Babu alijibana ubavu akawa bapa kama samaki, akafoka kwa pumzi, na mkia ukatua mkononi mwa mtoto kama fimbo. Alama nyekundu ilikaa mpaka jioni. Tangu hapo ukimsogelea anatikisa kichwa juu chini na kufungua mdomo. Tena anapiga chafya, na puani pana unga mweupe, nadhani ameshikwa na mafua.

Mama mkwe yuko nasi, amekuja kutoka Marangu. Anasema huyu ni kenge tu na kenge hafugwi ndani ya uzio. Amemwambia mume wangu akamwachie Mto Themi. Mume wangu hajui asimame upande gani. Mimi usiku silali. Kwa wale alikuwa mpole, kwetu amekuwa mkali. Nimemharibu wapi, Mzee? Ametuchukia?

Mama Wawili, Njiro

*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, wewe na kijana wako, na huyo Babu naye.

Nianze na hilo linalokukosesha usingizi. Hujamharibu, na hajawachukia. Ule upole wa wiki mbili haukuwa upole. Mnyama alikuwa amepoa kwa baridi na ameganda kwa hofu. Siku aliyomchapa kijana ndiyo siku ya kwanza tangu afike kwenu aliyopata nguvu ya kusema sitaki. Jua la siku nne lilimrudishia mwili wake, na alipourudisha jambo la kwanza akajilinda. Kwa uchungu wote wa ule mkia, hiyo ni dalili ya mnyama anayepata nafuu. Nimeona watu wengi wakikata tamaa palepale ambapo kazi ilikuwa inaanza kuzaa, ndiyo maana nakuomba usimtoe sasa.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi Babu mmempa jembe siku ileile aliyofika: apigwe picha, abebwe, akunwe. Kwa iguana mtu mzima, aliyezoea chumba kimoja na sauti za watu walewale kwa miaka minane, kuhamishwa ni kupoteza dunia nzima. Mbwa akihama anamfuata mwenye nyumba. Iguana anakuwa mwenyeji wa mahali kwanza, ndipo awe mwenyeji wa watu, na mahali penyewe bado hamjampa.

Twende kwenye baridi, maana hapo ndipo penye shida kubwa. Iguana wa kijani asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini na visiwa vya Karibi, kwenye miti mirefu kandokando ya mito ya nchi za joto. Mwili wake hautengenezi joto kama wetu, unaliazima kutoka nje. Akipoa, tumbo linasimama. Majani aliyokula yanahitaji joto ili vijidudu vya utumboni viyachachushe, na bila joto chakula kinakaa humo hakisagiki. Ndiyo maana alikuwa hali, na ndiyo maana aliingia weusi: ngozi nyeusi inavuta joto la jua haraka. Ulichodhani ni uzee kilikuwa mnyama anayetafuta moto.

Arusha iko kwenye mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba unaujua mwenyewe: Meru haionekani mpaka mchana, na alfajiri baraza ya Njiro inashuka hadi nyuzi 12 au 13. Kule Florida, Marekani, ambako iguana walitoroka wakazaliana porini, baridi ikizidi wanaganda na kudondoka kutoka mitini wakiwa hai. Januari 2020 ofisi ya hali ya hewa ya Miami iliwatahadharisha watu wasishangae kuona iguana wakianguka. Baraza yenu haijafika huko, lakini ilitosha kumfanya Babu mkimya, na nyinyi ukimya huo mkauita tabia njema.

Kwa hiyo mhamishe aingie ndani. Sehemu anayoota joto iwe nyuzi 35 hadi 38, sehemu nyingine za banda nyuzi 27 hadi 30, na usiku pasishuke chini ya 22. Usikisie kwa mkono. Nunua vipimajoto viwili kwenye duka la dawa za mifugo, vilevile wanavyotumia wanaolea vifaranga, kimoja ukiweke juu anapoota na kingine chini. Dukani hapohapo utapata taa ya joto ya vifaranga, ile nyekundu, na itakufaa mpaka upate bora zaidi. Iwe nje ya wavu au izungushiwe kinga ya waya, maana iguana atalalia kitu chochote cha moto mpaka ngozi iungue. Joto lishuke kutoka juu kama jua. Vile vijiwe vya umeme vinavyowekwa chini ya mnyama sivitaki kabisa, nimeona tumbo lililoungua mpaka nyama.

Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye chupa mbili tatu, zifunge kwa kanga, uziweke karibu naye, kisha ulifunike banda kwa blanketi ukiacha nafasi ya hewa. Jiko la mkaa lisiingie chumbani. Najua wafugaji wa kuku hulitumia, lakini chumba kilichofungwa na mkaa unaowaka kinaua mnyama na kinaua watoto.

Hizo taa mbili mlizoachiwa hazikuwa za kazi moja. Moja ilikuwa ya joto, nyingine karibu hakika ilikuwa ya mionzi ya UVB, ambayo inamwezesha kutengeneza vitamini D na kutumia kalsiamu ya chakula. Weka kiganja chini ya iliyobaki, umbali wa rula moja. Kama husikii joto, basi iliyokufa ni ile ya joto, na mgeni wako amekuwa akikaa kwenye mwanga usiomfaa kitu kwa baridi. Hata hiyo ya UVB, kama ina zaidi ya mwaka, inaweza kuwa inawaka tu bila kutoa mionzi ya kutosha. Bahati yenu ni kwamba mko karibu na ikweta, na jua letu linatoa mionzi hiyo bure. Lakini lisipitie kioo. Dirisha linapitisha mwanga na kuzuia UVB, kwa hiyo kumweka nyuma ya dirisha lenye jua hakumsaidii mifupa. Akikosa mionzi kwa miezi, taya linalainika, miguu inapinda, vidole vinatetemeka. Lile banda la sungura usilitupe, baadaye litakuwa banda la kuotea jua: nusu saa mpaka saa moja kukipata jua la asubuhi, upande mmoja uwe na kivuli siku zote. Ila si wiki hizi. Kila ukimbeba kumpeleka na kumrudisha unaianza hofu upya.

Sasa banda lenyewe. Uliandika kwamba mliliweka mlangoni mwa jikoni ili awazoee. Nia ni njema kabisa, ila tazama kwa macho yake. Juu ya kichwa cha iguana, katikati, kuna kigamba kimoja cheupe-cheupe, kidogo kuliko punje ya dengu. Mchukue kijana wako mkakitazame kwa mbali. Hilo ni jicho la tatu. Halioni sura, linaona mwanga na kivuli, na kazi yake kubwa ni kumwambia kwamba mwewe anashuka. Banda la sungura liko chini magotini. Kila aliyepita na sufuria, kila mtoto aliyeinama, kila jirani aliyenyoosha simu juu yake alikuwa mwewe. Wiki tatu mnyama huyu amevamiwa na mwewe mara hamsini kwa siku, na hana mti wa kukimbilia.

Mpe kimo. Mwite fundi akutengenezee banda la kusimama, urefu wa kwenda juu kama mita 1.8, upana karibu na huo, kina kiasi cha mita moja. Liegemee ukuta wa sebule kwenye kona ambayo watu hawapiti, mbali na jikoni na moshi wake. Weka matawi manene kama mwili wake, mojawapo liwe juu kuliko macho ya mtu mzima aliyesimama. Wavu uwe mgumu, wa matundu madogo, kwa sababu wavu laini wa kuku hunasa kucha na kumchubua pua. Nusu ya upande wa mbele ifunike kwa kitenge, apate mahali pa kujificha. Najua gharama ya mbao siku hizi, na kama fedha haitoshi mwezi huu, chukueni hilohilo la sungura mliweke juu ya meza imara ndani, mlifunike pande tatu, muwashe taa. Kimo na joto haviwezi kungoja, fundi anaweza.

Niongeze hapa lile la kufumba macho, maana linawadanganya karibu watu wote. Paka akifumba macho ukimkuna amefurahi. Iguana mgeni akifumba, hasa jicho la upande wako, mara nyingi anakufuta: nisipokuona, pengine utaondoka. Mwanao alikuwa anampenda kwa dhati, na mnyama alikuwa anavumilia. Mweleze kijana hivyo kwa upole, asijione mkosaji. Mfundishe pia kusoma lugha. Mwili kuwa bapa, ngozi ya kidevu kushuka yote, ncha ya mkia kupigapiga, maana yake ni moja, rudi nyuma. Kutikisa kichwa taratibu mara mbili tatu ni kusema nipo, hapa pangu. Kutikisa haraka kwa nguvu ni onyo. Na mkia usivutwe kamwe, unaweza kukatika, na unaoota baadaye huwa mfupi na mweusi.

Chakula. Hapa natumia muda kwa sababu mboga zetu nyingi nzuri kwa mtu zinamwumiza yeye. Yai acha leo. Huyu ni mla majani maisha yake yote, na protini ya mnyama inamharibu figo polepole bila wewe kuona. Mchicha na spinachi zina asidi inayoishika kalsiamu isitumike mwilini. Akila kidogo mara mojamoja hafi, lakini usiwe ugali wake wa kila siku. Kisamvu kibichi kina sumu, usimpe. Parachichi usimpe hata ganda, na najua Arusha nzima imejaa miparachichi, kwa hiyo watoto wajue. Kama uzio wenu una minyaa, tawi lake lisimkaribie, utomvu ule unaunguza.

Msingi wake uwe majani ya mforosadi na majani ya mlonge, uongeze majani na maua ya haibiskasi kama hayajapigwa dawa. Sukuma wiki na majani ya haradali ni sawa, mradi ubadilishebadilishe, maana jamii ya kabichi ikiliwa peke yake kila siku inasumbua tezi ya shingo. Mkunie boga bichi, mkatie maharage ya kijani, na tunda kidogo, papai au embe, kama kiungo tu. Katakata vipande vidogo, yeye hatafuni, ananyofoa na kumeza. Osha sana mboga za sokoni. Mara mbili au tatu kwa wiki nyunyiza unga wa kalsiamu usiochanganywa na fosforasi. Mwekee asubuhi, saa moja au mbili baada ya taa kuwashwa, ili tumbo liwe limeshapata moto. Taa ziwake saa moja asubuhi na zizimwe saa moja jioni, usiku uwe giza kabisa. Kama taa nyekundu ya joto inamulika usiku, igeuze au izibe mwanga wake usimpige machoni.

Asipokula siku chache baada ya kumhamisha, usimlazimishe. Iguana mkubwa mwenye mwili anaweza kuvuka wiki bila kula na asidhurike, ilimradi ana maji. Ukinyunyiza maji majani yake na kuta za banda asubuhi na jioni, atayalamba, na hewa haitakauka. Baadaye, akishatulia, maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yafike mabegani, dakika 20. Mara nyingi atajisaidia humohumo, na ni vizuri. Beseni hilo liwe lake peke yake.

Ule unga mweupe puani si mafua. Iguana anatoa chumvi ya ziada kupitia puani kwa kupiga chafya, na ikikauka inakuwa kama ukungu mweupe. Angalia tu usibadilike kuwa ute mzito, au akawa anapumua mdomo wazi bila kukasirika, au povu likaonekana. Hapo ni kifua, na ni cha daktari siku hiyohiyo.

Kuna jambo ambalo mama mkwe ana haki nalo, na nakuomba ukubali hivyo mbele yake. Iguana mzima kabisa, asiye na ugonjwa wowote, anaweza kubeba bakteria wa salmonela na kuwatoa kwenye kinyesi. Mtu mzima ataharisha apone, lakini mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kulazwa. Binti yako ana minne. Asimshike, asicheze na vyombo vyake, na asile karibu na banda. Kila anayemgusa anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Hapo tu ndipo siwezi kulegeza kamba.

Kuhusu kuitwa kenge, mwambie mama kwa heshima kwamba kenge anakula kuku, mayai na mizoga, ana ulimi uliogawanyika kama wa nyoka. Huyu hata panzi hahitaji. Mchukue bibi siku moja akae kwenye kiti amtazame akila ua jekundu. Bibi aliyefuga mbuzi na ng'ombe mgombani kule Marangu anajua mnyama anayekula majani anavyotafuna maisha yake kwa utulivu. Nadhani macho yake yatamwambia kuliko maneno yetu.

Lakini Themi, hapana. Tafadhali mwambie mume wako kwa heshima hivyohivyo. Usiku wa Juni utammaliza, au fimbo ya mtu atakayedhani ni kenge. Na akipona ni hatari ya aina nyingine. Mwaka 1995, baada ya vimbunga viwili katika Karibi, iguana wasiopungua 15 walifika kisiwa cha Anguilla wakiwa wamepanda rundo la magogo baharini, na baadaye wakaonekana kuzaliana. Mnyama anayeweza hivyo haachiwi kwenye mto usio wake. Kama siku moja mtashindwa kabisa, mtafutieni nyumba nyingine yenye joto.

Andikia pia familia ile wakutumie nakala za vibali walivyomwingizia. Iguana wa kijani yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, karatasi zake ni sehemu yake, na ofisi ya wanyamapori itakuelekeza cha kufanya jina likibadilika. Waulize hapohapo maswali mengine: alikuwa analala wapi, alikuwa anaogeshwa lini, nani alimshika, na mwezi gani wa mwaka alikuwa anageuka rangi ya chungwa. Dume mzima huwa na msimu wake, wiki kadhaa mpaka miezi michache, na katika msimu huo hata aliyezoea mtu miaka kumi anaweza kumrukia. Ukiona chungwa mabegani, mwacheni, muda utamtuliza.

Nimebakiza kumzoesha, na hapa naomba unisikie kama mzazi. Nilipokuwa kazini Moshi nililetewa dume moja la kijani, mkia wake umeshakatika mara moja. Siku ya pili nililishika kwa juu, na kovu la meno yake ninalo kwenye kidole gumba mpaka leo. Meno yale ni madogo na yamechongeka kama msumeno. Baada ya hapo nikabadilika. Kila siku saa kumi jioni nilikuwa navaa koti lilelile la kazi, naketi kwenye kigoda hatua tatu kutoka bandani, nimempa ubavu, nasoma gazeti kwa sauti ya chini. Sikumtazama machoni. Usiku koti nililiacha chini ya tawi lake, alilambe harufu. Wiki ya nne akaacha kufoka. Wiki ya saba nikawa naweka ua la haibiskasi kwenye ncha ya kijiti kirefu. Wiki ya kumi na moja nililishika ua kwa vidole, mkono ukiwa chini ya kidevu chake na si juu. Alikaa muda mrefu. Kisha ulimi ukatoka, mnene na wa waridi, ukagusa kwanza lile kovu, ndipo akanyofoa ukingo wa ua. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini na nilitetemeka.

Fanya hivyo wewe peke yako kwanza, kijana baadaye akiwa amekaa nyuma yako. Majani uweke na kuondoka. Mkono uingie bandani kutoka pembeni, polepole, ukisema neno lilelile kila siku. Akikutazama kwa jicho wazi na kuendelea kukaa, umeshinda siku hiyo, toka. Itakapobidi kumbeba, tumia taulo, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, miguu yote ipate pa kukanyaga.

Daktari wa mifugo mtafute ndani ya mwezi huu, na kabla hujamsafirisha mnyama mpigie simu umwulize waziwazi kama amewahi kutibu reptilia. Kama hayupo wa karibu, pale Meserani, kama kilomita 25 kutoka mjini, kuna bustani ya nyoka ambako watu wanashika wanyama watambaao kila siku; waulize wanampigia daktari gani. Uende na kinyesi kibichi kwenye kichupa kipimwe minyoo, na umwombe alishike taya, kama ni gumu au linabonyea.

Leo jioni mhamisheni, taa iwe imewaka nusu saa kabla hajaingia. Jumapili azima ule mzani wa kuning'iniza wa muuza mkaa, mtie Babu kwenye kiroba safi chenye matundu, mpime, mtoe. Andika namba hiyo ukutani kwa chaki, na Jumapili ya nne uniandikie zote mbili.